Pasi na Pasi

Siku ya kwanza Rizuane alipokuja kwangu nilimtajia malipo ya kumfukuza mtu, naye akasema, "Haya, dada." Nikaingiwa na wasiwasi. Mtu anayekubali neno la kwanza ama hajui kazi yake ina uzito gani, ama mawazo yake yako mahali pengine. Mjinga hakuwa. Mawazo yake yalikuwa mahali pengine, na ilinichukua muda kujua ni wapi.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu watu waanze kurudi Palma, baada ya mashambulizi kuwakimbiza. Nilikuwa nimefungua tena kibanda changu cha mitumba, ambayo huku kwetu tunaiita calamidade, kwa sababu zamani, miaka ya vita vile vya kwanza na njaa yake, ilikuja bure kama msaada wa maafa. Sasa haiji bure. Unanunua fardo zima, robota la nguo lililokazwa kwa mikanda, na mpaka ukate mkanda hujui umenunua nini. Nguo zinatoka humo zimekunjamana kama uso wa mtu aliyelala mchana akaota vibaya. Shati lililokunjamana ni shati la maskini, lingeshonwa hata kwa hariri. Lakini likinyooshwa, mnunuzi haoni shati tena. Anajiona mwenyewe siku ya harusi. Biashara yangu yote iko katikati ya mikunjo ile na harusi ile.

Basi alisimama mbele ya kibanda na pasi ya mkaa mkononi, zile za chuma kizito, mpini wa mbao, na jogoo mdogo wa shaba juu ya kifuniko.

"Nipe kazi ya kunyoosha," akasema.

"Kila mashati ishirini utachukua moja. Na nitachagua mimi."

Hapo ndipo aliposema haya.

"Mkaa wa nani?" nikamwuliza.

"Wangu."

"Na ukiniunguzia?"

"Dada, nikiunguza chukua pasi."

Nikacheka kimoyomoyo. Nilikuwa sijajua kwamba ni kama ameniambia chukua mkono wangu. Pasi ile alikuwa amevuka nayo mto Ruvuma. Watu walipokimbia kupitia Nhica, mmoja alibeba godoro, mwingine msahafu, mwingine kuku. Zuleica, mkewe, alimbeba mtoto mgongoni, na Rizuane akabeba pasi kichwani. Kule Mtwara pasi hiyo iliwalisha wote watatu mwaka mzima, lakini kwa Zuleica hilo halikuhesabika. "Wenzangu waume zao waliokoa watu," alikuwa akisema. "Wangu aliokoa chuma." Mwishowe alimchukua mtoto akaenda kwa baba yake Nampula, na Rizuane akarudi Palma peke yake.

Hayo alinieleza mwenyewe, bila kulalamika, macho yake kwenye kola ya shati.

Nilimpa benchi nyuma ya kibanda, akatandika blanketi. Alichoma vifuu vya nazi, kwa sababu makaa ya vifuu, alisema, hayarushi cheche na yanakaa kama mtu mwenye adabu. Alilowesha kidole, akagusa chuma, akasikiliza. Si kutazama, kusikiliza. Kila kitambaa kilikuwa na mlio wake. Kisha pasi ikashuka, na moshi mwembamba ukapanda ukichanganyika na mvuke, na ile harufu ya nguo za watu wa mbali ikaamka: sabuni tusizozijua, kabati za mbao za nchi za baridi, mara nyingine manukato ya mwanamke ambaye pengine alikwisha kufa. Mchana wa Palma, jua likiwa limelala juu ya mabati na mji umelegea, nilikuwa nakaa pale na kuona mikono mitupu ya mashati ikinyooka mmoja mmoja juu ya blanketi, kama watu wanaogeuka usingizini. Mimi si mtu wa kukaa. Lakini nilikaa.

Mashati yakaanza kutoka siku ileile yaliponyooshwa. Vijana wanaotafuta kazi kambini kwa watu wa gesi walikuja kununua shati la kwenda nalo kwenye mahojiano, na walinunua lile la Rizuane, si la jirani yangu. Baada ya mwezi nilimwongezea kwa hiari yangu: shati moja kwa kila kumi na tano. Sikumwongezea kwa huruma. Ng'ombe anayelima hulishwa.

Sasa, maradhi ya Rizuane yalikuwa maneno, na yalianza na koti. Siku moja aliingiza mkono katika mfuko wa koti jeusi lililotoka kwenye fardo, akatoa kikaratasi kidogo kuliko ukucha wa gumba, kile wanachoweka kiwandani baada ya kukagua nguo. Kilikuwa na namba, na juu ya namba herufi nne: PASS.

Alisoma polepole. Akasoma tena.

"Da Nafisa. Waingereza wananijua."

"Wanakujua kwa lipi?"

"Wameandika pasi. Wameitia mfukoni, wakaileta mpaka kwangu."

Jumamosi ileile Osvaldo alikuja na suruali yake ya kazi. Osvaldo ni mtu wa bara, kwao Diaca, mlinzi wa lango la kambi ya kampuni moja inayohudumia wale wa gesi, na alisoma misheni mpaka mapadri wakamfundisha Kiingereza na Kilatini kidogo. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nyuma ya kibanda changu palikuwa na shule ambayo sikuiomba.

"Osvaldo, wewe uliyelelewa na mapadri, pasi ni nini?"

"Pasi ni hiyo unayotaka kuniunguzia nayo suruali."

"Ya Kiingereza. Tazama hapa."

Osvaldo akakishika kikaratasi juu ya mwanga. "Pass. Ni kupita. Pia kufaulu mtihani. Pia ruhusa, kadi ya kuingilia. Pia kumpigia mwenzako mpira."

"Hiyo hata sisi tunasema. Pasi ndefu, pasi fupi."

"Pia njia nyembamba kati ya milima miwili."

"Hiyo nzuri," Rizuane akasema, na pasi ikasimama hewani. "Endelea."

"Pia kufa."

"Kufa?"

"Mwingereza akiona haya hasemi fulani kafa. Anasema fulani kapita."

"Kapita kwenda wapi?"

"Hajasema, bwana."

Rizuane akaishusha pasi, makaa yakipumua ndani ya chuma. "Sisi tunasema amefariki," akasema mwisho. "Ameachana nasi. Kumbe kwao hajaachana na mtu. Anatembea tu."

"Anatembea, naam. Maana asili yake ndiyo hiyo. Kilatini, passus, hatua ya mguu. Warumi walipima barabara kwa hatua. Hatua elfu zao ndiyo maili."

"Kwa hiyo neno hili lilianza kwa miguu."

"Lilianza kwa miguu. Hata Pasaka yetu, padri alituambia maana yake kupita. Ila hiyo ni ya Kiebrania, ukoo mwingine, majina yamefanana tu."

"Suruali ya watu, Rizuane!" nikapiga kelele. "Suruali inapoa!"

Lakini alikuwa amekwisha kwenda. Kwa wiki kadhaa nilisikia safari za neno lile kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Neno lilitoka Roma kwa miguu, alisema, viatu vimechakaa. Njia ikagawanyika, neno likawa ndugu wawili. Mmoja akashika njia ya Ureno, na huko Wareno wakamtia moto tumboni, maana wao kunyoosha nguo husema passar a ferro, kupitisha chuma. Wa pili akashika njia ya Uingereza, kule kuna mvua, moto ukazimika, akawa karatasi. Wakazunguka dunia kila mmoja kivyake, wakaja kukutana Palma, hawakujuana.

"Na huyo wa tatu?" nikamwuliza siku moja, kumchokoza tu.

"Yupi?"

"Si tunasema pasi na shaka? Pasi na sababu? Huyo naye ni Mrumi?"

Alinitazama kama nimempa fardo bure. Pasi ile ya kwetu, yenye maana ya bila! Alikuwa hajaifikiria. Hakulala, nadhani, kwa sababu kesho yake alikuja na jibu. "Huyo hakutembea, dada. Alikuwa ameketi hapahapa mlangoni tangu zamani. Wenzake wamefika na vumbi lao, kila mmoja na mzigo wake, mmoja moto, mmoja karatasi. Yeye hana kitu. Ukiuliza una nini, anakwambia: bila."

Je, kweli pasi ya chuma ilitoka kwa Wareno? Sijui. Nimesikia wengine wakisema ni Wahindi walioleta chuma na jina lake kwa pamoja. Mimi nanunua nguo, sinunui maneno. Lakini nakiri kwamba mchana ule, moshi ukiwa umesimama wima bila upepo, niliweza kuwaona hao watatu mlangoni, na mmoja wao mikono mitupu.

Kisha ukaja ujumbe kutoka Nampula. Rizuane hakuwa na simu, hivyo kila kilichomhusu kilipitia kwangu. Alikuwa ni Mzee Hamido, baba yake Zuleica, kwa sauti iliyorekodiwa, taratibu kama mtu anayesoma hukumu. Binti yake, alisema, hawezi kurudi kwa mtu anayelipwa mashati. Apate kazi yenye mkataba, wa maandishi, wenye muhuri, na picha ya mkataba huo aione yeye kabla ya Idi. Idi ikipita, atamwomba kadhi avunje ndoa, na mtoto atabaki Nampula.

Ilikuwa imebaki miezi miwili kasoro. Rizuane aliomba nimchezee tena ule ujumbe. Mara ya tatu nilisikia kitu nilichokuwa sijakisikia mwanzo: nyuma ya sauti ya mzee, mtoto wa kike anaimba kwa kuhesabu, anakosea, anaanza upya. Rizuane alikuwa anasikiliza hicho tu.

Osvaldo ndiye aliyeleta habari kwamba kambini kwao wanatafuta watu wa chumba cha kufulia. Mkataba wa mwaka, kwa maandishi, muhuri mkubwa. Rizuane akajaza fomu, na palipoandikwa simu akaweka yangu. Halafu akaanza kuota kile chumba. Mashine nyeupe za duara zenye vioo, alisema, nguo zikizunguka ndani kama mawingu yaliyofungiwa. Meza ndefu kama ya karamu. Mvuke unaotoka ukutani pasi na moto. "Pasi na moto, dada, umesikia?" Nilisikia. Nilisikia pia kwamba akienda, mashati yangu yatarudi kuwa na nyuso za watu waliolala mchana.

Alhamisi moja simu ikalia. Msichana wa ofisi ya kambi, jina lake Cleide, Kireno cha mjini, haraka haraka. Senhor Rizuane amechaguliwa. Afike Jumatatu saa mbili asubuhi, langoni, na passe. Akakata.

Nilijua passe ni nini. Nilikuwa nayo mwenyewe mwaka uliotangulia nilipouza aproni kule kambini: kadi yenye picha, unaiomba kwa katibu wa mtaa, na haipatikani chini ya siku mbili. Ukiiomba Ijumaa asubuhi, Jumatatu utakuwa nayo. Ukichelewa hapo, basi.

Nikaenda nyuma ya kibanda. Alikuwa ananyoosha kanzu, na kanzu ilikuwa imejaa hewa moto, imeinuka kidogo juu ya blanketi kama inataka kuondoka.

"Umepata," nikamwambia. "Jumatatu, saa mbili, langoni. Uje na pasi."

Hakuruka wala kupiga kelele. Aliiweka pasi juu ya tofali, akaiweka mikono yote miwili juu ya benchi, akatazama chini. Kisha akasema, "Na pasi."

"Ndivyo alivyosema."

"Kwa hiyo wanataka waone kazi."

Sikujibu. Kwetu fundi huja na zana zake. Mwashi anakuja na mwiko, kinyozi anakuja na mkasi, na mtu akiitwa kunyoosha nguo akaambiwa aje na pasi, hana sababu ya kuuliza pasi gani. Pamoja na safari zake zote kutoka Roma, siku lilipomhusu yeye, neno lilikuwa na maana moja tu, ile aliyovuka nayo mto. Nililifikisha neno kama lilivyo. Sikupunguza, sikuongeza. Na Ijumaa, alipoketi siku nzima akisugua chuma kwa majivu na limau mpaka jogoo akang'aa, nilipita mbele yake mara nne, na mara zote nne nilikuwa na kazi nyingine. Jumamosi hiyo Osvaldo hakuja, alikuwa zamuni.

Yaliyotokea langoni alinieleza Osvaldo, ambaye zamu ilikuwa yake.

Rizuane alishuka kwenye pikipiki ya kukodi kabla ya saa moja na nusu, shati jeupe, suruali yenye mstari ungeweza kukatia papai. Palikuwa na foleni ya watu kumi na saba. Juu ya lango pameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kireno kwamba asiye na pass haingii. Kwa Kiswahili hawakuandika. Zamu yake ilipofika Osvaldo akanyoosha mkono kama kwa wengine.

"Passe."

Rizuane akainua pasi kwa mikono miwili.

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Bwana we, tumeambiwa tuje na pasi, mbona sisi hatukuambiwa tuje na mkaa!" "Huyo kaja kupika!" "Mpisheni, jogoo asije akawika!"

"Osvaldo," Rizuane akasema kwa sauti ya chini, "usinitanie mbele za watu. Pasi hii hapa. Unaijua. Suruali hiyo uliyovaa imepitia humu."

"Ndugu yangu, kadi. Kadi yenye picha. Ya kwa katibu."

Hapo, Osvaldo alisema, aliona neno likimgeukia mtu usoni. Ilikuwa kama kumwona mtu akiamka. Rizuane akatia mkono katika mfuko wa shati, akatoa kile kikaratasi cha koti jeusi. Alikuwa amekihifadhi ndani ya plastiki.

"Hii je? Imeandikwa pass."

"Hiyo ni ya koti, Riz. Aliyefaulu ni koti."

Nyuma watu walikuwa wamechoka kucheka, wanasukuma. Osvaldo anasema ulimi ulimtoka wenyewe, hakupanga: "Pasi na pasi, hupiti."

Na Rizuane, pale langoni, kazi yake imemponyoka, mke na mtoto wanateleza mkononi, akatabasamu. "Rudia," akasema.

"Pasi na pasi, hupiti."

"Wote watatu," akasema. "Wamefika wote watatu kwa siku moja." Kisha tabasamu likaisha, akasogea pembeni, akawapisha wenzake.

Alingoja hadi saa nne. Cleide alitoka na karatasi, akaita majina, akaambiwa huyu hana passe, akasema kwa upole kwamba anasikitika, na nafasi ikaenda kwa mtu wa pili katika orodha. Rizuane alirudi mjini kwa miguu, kilomita zote zile, pasi kichwani.

Aliingia kibandani alasiri, vumbi mpaka magotini. Hakunisalimu. Akawasha vifuu, akangoja viive, akanyoosha shati lililokuwa limebaki tangu Jumamosi. Nilikuwa najifanya nahesabu vifungo.

"Dada," akasema bila kuinua macho. "Yule msichana alisema passe au alisema ferro?"

Mimi huwa sisemi uongo. Uongo ni bidhaa inayorudishwa dukani.

"Alisema passe."

"Na wewe Kireno unakijua."

"Nakijua."

"Na ulijua mimi nimeelewa nini."

"Hukuniuliza, Rizuane."

"Kweli. Sikukuuliza."

Alimaliza shati. Alilifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akalitundika, akalinyoosha bega kwa kiganja. Akamwaga makaa, akayazima kwa mchanga, akafunika kile kifuniko cha jogoo, akaondoka na pasi yake. Shati lilibaki linayumba pale kwa muda, ingawa upepo haukuwapo.

Ramadhani ikaingia. Nilimwajiri mwanamke mwenye pasi ya umeme. Umeme ulikatika mara tatu, uliporudi mara ya nne akaunguza mashati sita ya nailoni kwa mkupuo mmoja. Yalijikunja kama majani. Nikamjaribu mwingine, mwepesi wa mkono, lakini yeye alinyoosha mwili wa shati akaacha kola. Mnunuzi wa Idi hutazama kola kwanza. Fardo mbili zilikuwa zimefunguliwa, na nguo zikazidi kulundikana. Mchana, kwa kiu na kwa usingizi, zilionekana kama kilima cha watu wamelala chini ya kibanda changu, na hakuna wa kuwaamsha.

Rizuane naye alikuwa ananyoosha barazani kwa Osvaldo. Wale wa foleni waliomcheka langoni, sasa wamepata kazi, ndio waliokuwa wa kwanza kumpelekea sare zao. Alikuwa anapata futari. Mkataba wenye muhuri hakuwa nao, na mwezi ulikuwa umefika kumi.

Nilimwendea siku ya kumi na moja baada ya swala ya alasiri. Kila mmoja wetu alikuwa na Idi yake mbele, na kila mmoja alijua ya mwenzake. Hayo ndiyo mazungumzo ninayoyaweza.

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam, dada. Karibu. Chai sina, mfungo."

"Moja kwa kumi," nikasema. "Na unachagua wewe."

Akalowesha kidole kwa maji ya bakuli, akagusa chuma, akasikiliza.

"Moja kwa tano," nikaongeza.

Akageuza mkono wa shati.

"Rizuane, moja kwa tano hata ndugu yangu wa tumbo moja sijampa."

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Mkataba. Wa Kireno. Wewe una leseni ya biashara, una muhuri."

"Wa kukuajiri?"

"Wa ushirika. Nusu."

"Nusu ya mashati ya kunyoosha?"

"Nusu ya fardo. Kabla ya kukata mkanda. Likitoka na matambara, nusu ya matambara ni yangu."

Halikuwa ombi la mtu anayeota. Alikuwa amelipima pande zote, pamoja na upande wa hasara, na upande huo ndio watu huusahau. Osvaldo alikuwa mlangoni, anatazama kuta kwa makini sana.

"Theluthi," nikasema.

"Dada," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile alinitazama machoni, "neno nusu lina maana moja tu."

Niliandika. Osvaldo akasahihisha Kireno changu, nikagonga muhuri mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza wino ulififia. Picha nikaituma Nampula kwa simu yangu mwenyewe. Mzee Hamido alikaa siku nne. Siku ya tano likaja jibu fupi: ameona, Zuleica anakuja.

Zuleica alishuka Palma siku mbili kabla ya Idi na mtoto wa miaka sita aliyekuwa anaweza sasa kuhesabu mpaka ishirini bila kukosea. Alikisoma kibanda kwa jicho moja, akaisoma karatasi kwa la pili, akaniuliza kwa nini gharama ya kusafirisha fardo haikuandikwa. Hivi sasa ndiye anayekaa mbele na wateja. Ni mkali kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Mtu akitaja bei, yeye anacheka kwanza.

Basi tuseme ilivyo. Rizuane alipoteza kile chumba cha mawingu, na mkataba wa mwaka. Yule aliyechukua nafasi yake bado yupo, ana buti mpya. Alipata mkewe, mwanawe na nusu ya biashara ambayo nilianza na nguo tatu mkononi. Mimi nilipoteza nusu hiyo. Kwa kuwa nguo zinatoka upesi mara mbili, mfukoni sioni tofauti kubwa, na siku fardo linapotoka bovu tunalia wawili.

Nyuma ya kibanda moshi wa vifuu unapanda kama zamani, na mchana bado nakwenda kukaa kidogo, mikono ya mashati ikinyooka mmoja mmoja. Rizuane ananikaribisha, anasogeza benchi. Osvaldo akiwapo nawasikia kwa mbali, neno fulani limetoka Goa, neno fulani ni la Wamakua, wanacheka. Nikifika karibu wanazungumzia mvua. Nusu yangu ya mauzo Rizuane huniletea kila Ijumaa, imekunjwa, imefungwa kwa uzi, na hajanipunja hata kifungo.